Taa Saba za Roosevelt Road

Mama ninayemhudumia hapa Chicago ana miaka 88, na miguu yake haimpeleki tena mbali kuliko dirishani. Simtaji jina, habari zake ni zake. Mimi humwita Mama tu. Mwanzoni alishangaa, nikamweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi kwa jina kavukavu, na tangu siku hiyo nikijisahau nikamwita kwa jina lililoko kwenye karatasi za kazi, haitiki. Huu ni mwaka wetu wa tatu. Namwogesha, nampikia uji ambao siku hizi anauulizia mwenyewe, na saa tisa alasiri tunasali Rozari, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, tunakutana kwenye Amina.

Septemba mwaka jana aliniomba nimfungulie droo ya chini ya kabati. Alitoa picha ndogo ya kanisa la matofali lenye mnara mrefu, nyuma yake pameandikwa kwa penseli: 1990. Akasema, "Hapa nilibatizwa. Mama yangu alibatizwa hapa, na mama yake alifunga ndoa hapa. Walitaka kulibomoa, tukakataa. Nenda ukaniangalizie kama zile taa saba bado zinawaka."

Sikujua taa saba ni zipi. Nilimwahidi tu kwamba nitaenda.

Nilichagua Jumapili ya kwanza ya Oktoba, mwezi wa Rozari. Kutoka Rogers Park ninakoishi nilipanda treni ya laini nyekundu hadi kituo cha Roosevelt. Basi namba 12 lingenifikisha karibu na mlango wa kanisa, lakini Mama alikuwa amenipa maelekezo kama anayemtuma mtoto dukani: usianzie kanisani, anzia mahali moto ulipoanzia, ndipo utazielewa taa. Basi nikatembea. Nikavuka daraja la mto, upepo ukinivuta kitenge nilichojifunga juu ya koti, nikakunja kulia kwenye mtaa wa Jefferson hadi unapokutana na DeKoven.

Hapo leo kuna chuo cha kufundishia wazimamoto. Mbele yake imesimama sanamu ya shaba, ndimi za moto zilizosokotana kwenda juu, kazi ya mchongaji Egon Weiner, ipo tangu 1961. Mahali hapo mwaka 1871 palikuwa na nyumba ya mbao ya Patrick na Catherine O'Leary, wahamiaji kutoka Ireland, na nyuma ya nyumba palikuwa na banda la ng'ombe. Usiku wa Jumapili tarehe 8 Oktoba, yapata saa tatu, moto ulianzia kwenye banda hilo. Kiangazi kilikuwa kirefu, mji mzima ulikuwa wa mbao, hata njia za waendao kwa miguu zilikuwa za mbao. Moto ulikula hadi Jumanne alfajiri. Watu karibu 300 walikufa, 100,000 hivi wakabaki bila makazi, na majengo zaidi ya 17,000 yakawa majivu.

Lawama zote zikamwangukia Catherine O'Leary. Wakasema ng'ombe wake alipiga teke taa alipokuwa akikamwa. Yule mama alikuwa na ng'ombe watano, akiuza maziwa mtaani ili watoto wale. Alisema usiku ule alikuwa amekwishalala, na hakuna aliyewahi kuthibitisha vinginevyo. Aliishi maisha yake yote yaliyobaki akinyooshewa kidole. Baraza la Jiji la Chicago lilimsafisha rasmi mwaka 1997, amekwisha kufa zaidi ya miaka 100.

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mimi nimekulia kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye maziwa ambayo mama yangu aliyabeba kila alfajiri hadi barabarani. Najua mikono ya mwanamke anayekama ng'ombe usiku. Nilimwombea Catherine O'Leary Salamu Maria moja, palepale kwenye kona, mbele ya gari la zimamoto. Mama wa miaka 88 akimtaja hukunja uso kwa hasira kana kwamba alisingiziwa jana. "Alikuwa mtu wa parokia yetu," husema. Na ni kweli, akina O'Leary walikuwa waumini wa kanisa nililokuwa naliendea.

Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita moja tu kwenda magharibi. Unavuka juu ya barabara kuu ya magari, unapita majengo ya chuo kikuu, na kabla hujauliza mtu yeyote unauona mnara. Una urefu wa karibu mita 70. Siku hizi kuna maghorofa kila upande, lakini mimi niliufikiria ulivyoonekana wakati ule, uwanda mtupu, vibanda vya mbao, matope, halafu huo mnara.

Kanisa linaitwa Holy Family, Familia Takatifu. Lilianzishwa na Padre Arnold Damen, Myesuiti mzaliwa wa Uholanzi. Wayesuiti ni haohao wenye Loyola pale Mabibo, Dar es Salaam. Alifika Chicago mwaka 1857, mwaka mbaya kuliko yote kuanza ujenzi, kwani mabenki yalikuwa yakianguka na vibarua wakifukuzwa kazi. Watu wake walikuwa Waairishi maskini waliokimbia njaa ya viazi kwao: wachimba mifereji, wabeba mizigo, wasichana wa kazi za ndani. Yeye alianza na kanisa dogo la mbao la muda, lakini hakuishia hapo. Mwaka huohuo alianza kanisa kubwa la matofali la mtindo wa Kigothi, na tarehe 26 Agosti 1860 likatabarukiwa. Jengo la kwanza la chuo alichokianzisha mwaka 1870, ambacho baadaye kilizaa Chuo Kikuu cha Loyola cha hapa Chicago, bado limesimama pembeni yake na hadi leo ni shule.

Nimewahi kuwasikia watu wakilaumu mapadre wa namna hiyo, kwamba waliwakamua maskini ili wajenge minara. Mimi siamini kwamba ni rahisi hivyo. Msichana wa Kiairishi aliyefua nguo za matajiri siku sita kwa wiki, siku ya saba aliingia katika nyumba nzuri kuliko zote za mabwana zake, na nyumba hiyo ilikuwa yake. Aliitolea senti. Hakuna aliyeweza kumwambia apite mlango wa nyuma.

Nilifika Misa ikiwa karibu kuanza. Niseme ukweli, nilipoingia miguu ilisita. Altare kuu ni ya mbao zilizochongwa, imepanda karibu mita 16 kwenda juu, ngazi juu ya ngazi ya watakatifu, kazi ya fundi aitwaye Anthony Buscher. Sijapata kuona mbao zikifanywa hivyo. Dari imepindwa kama mikono iliyoshikana katika sala. Ndani ya kanisa kulipambwa kwa michoro ya John Van Osdel, msanifu majengo wa kwanza wa Chicago, na nyuma juu kuna kinanda cha mabomba. Vioo vya rangi vilikuwa vikimwaga buluu na nyekundu juu ya mabenchi ambayo mengi yalikuwa matupu.

Waumini tulikuwa wachache kwa ukubwa wa lile jengo, lakini tulikuwa wa kila rangi. Mzee mmoja mweusi aliyevaa suti ya kahawia alisogea kunipa nafasi ingawa benchi zima lilikuwa wazi. Mbele yangu kulikuwa na familia iliyokuwa ikinong'ona Kihispania. Wakati wa kutakiana amani watu waliacha mabenchi yao wakazunguka kanisa kushikana mikono na kila mtu, nami nikashikwa mikono mingi kuliko siku niliyopata Kipaimara.

Baada ya Misa yule mzee wa suti ya kahawia aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia nimetumwa. Nikamwonyesha picha ya mwaka 1990 niliyokuwa nimeiweka katikati ya kitabu cha sala. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akaigeuza, akasoma ule mwaka. Halafu akasema, "Njoo."

Akanipeleka kwa Mama Yetu wa Msaada wa Daima.

Usiku ule wa moto Padre Damen hakuwepo. Alikuwa Brooklyn, New York, akihubiri mafungo. Telegramu ikamfikia: Chicago inaungua, na kanisa liko hatarini. Inasimuliwa kwamba alikesha kanisani akisali, akaweka nadhiri kwa Bikira Maria wa Msaada wa Daima. Kanisa na nyumba za waumini wake zikinusurika, atawasha taa saba mbele yake na hazitazimika. Moto uliosukumwa na upepo wa kusini-magharibi ukaelekea kaskazini-mashariki, ukauvuka mto, ukala katikati ya mji. Holy Family, iliyokuwa kilomita moja tu kutoka lile banda, haikuguswa. Damen aliporudi alitimiza nadhiri. Taa za siku hizi ni za umeme, ila ni saba, na zinawaka.

Mzee alinionyesha pia sanamu mbili za mbao zilizoko juu ukutani, watumishi wa altareni wawili wenye mishumaa mikononi. Hadithi yake wanarithishana. Usiku mmoja wavulana wawili walibisha hodi kwa mapadre, wakamwongoza padre hadi kwa mama mzee aliyekuwa anakata roho, kisha wakatoweka. Padre alipouliza ni nani waliomwita, yule mama akajibu kwamba hana mtu, wanawe wawili waliokuwa wakitumikia altareni walikufa maji zamani. Bibi yangu angeipokea hadithi hii bila kupepesa. Mimi niliwatazama wale watoto wa mbao, nikajikuta nimeipokea vilevile.

Lakini alichotaka kunisimulia hasa yule mzee ni habari za 1990, na ndizo zilizonipeleka.

Parokia hii miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa na waumini zaidi ya 20,000. Kisha Waairishi wakapata kazi nzuri, wakahama. Wakaja Waitaliano, Wamexico, na Wamarekani weusi waliotoka kusini. Serikali ikajenga maghorofa ya watu wa kipato cha chini, ya kwanza mwaka 1938. Halafu Chuo Kikuu cha Illinois kikahitaji eneo, mitaa mizima ikabomolewa, na kampasi ikafunguliwa mwaka 1965. Kila wimbi likiondoka liliacha mabenchi matupu zaidi. Kufikia miaka ya 1980 paa lilivuja, plasta ilikuwa ikidondoka, na kanisa kubwa likafungwa kwa usalama wa watu. Mwishoni mwa miaka hiyo Wayesuiti wakatangaza kwamba hawana fedha za kulitengeneza. Lingebomolewa, na mahali pake pangejengwa kanisa dogo.

Hebu jiweke mahali pao kidogo kabla hujawahukumu. Una waumini wachache na maskini, una jengo linalohitaji mamilioni, na kuna watu wenye njaa nje ya mlango. Jimbo Kuu la Chicago lenyewe, chini ya Kardinali Joseph Bernardin, lilikuwa likifunga makanisa na shule kwa makumi mwaka huohuo wa 1990. Hoja ya kubomoa haikuwa ya kipumbavu.

Ila kulikuwa na watu waliokataa. Wakaunda chama cha kulihifadhi kanisa. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa Myesuiti mwenyewe, Padre George Lane, mtu aliyeyapenda makanisa ya Chicago hadi akayaandikia kitabu. Shirika likatoa sharti: leteni dola milioni 1, fedha taslimu, kabla ya saa sita usiku wa tarehe 31 Desemba 1990. Zikipungua, jengo linakwenda.

Noeli ikapita, fedha zikiwa bado hazijatimia. Basi watu wakaenda kusimama nje, mbele ya mlango uliofungwa, wakasali siku hizo za mwisho za mwaka. Mwito wao ulikuwa mfupi: salini, na mtume fedha. Nani amewahi kuuona mwisho wa Desemba wa Chicago? Machozi huganda kabla hayajafika shavuni. Vyombo vya habari vikaja, nchi nzima ikaona. Bahasha zikaanza kumiminika, kutoka kwa watu ambao babu zao walibatizwa pale na wao wenyewe walikuwa hawajawahi kukanyaga.

Mama alikuwa kwenye ngazi zile. Alikuwa na miaka 53, mume wake amepunguzwa kazini mwezi mmoja kabla. Aliniambia alikuwa na dola 25 za akiba ya zawadi za Noeli za wajukuu, akazitoa kwa jina la mama yake aliyekuwa amefariki. Wajukuu wakapata soksi alizofuma. Aliniambia pia kwamba wakati wa sala alishikana mkono na mwanamke mweusi aliyekaa kwenye yale maghorofa ya jirani, ambaye hakuwa na kovu lolote la historia ya Waairishi. Alikuja kwa sababu watoto wake walipokea Komunyo ya kwanza pale. Mama alihama mtaa ule akiwa msichana. Yule mwanamke ndiye aliyebaki. "Mimi nilikuwa na kumbukumbu," Mama aliniambia, "yeye alikuwa na kanisa."

Usiku wa mwaka mpya hesabu ilipita dola milioni 1.

Mzee wa suti ya kahawia naye alikuwepo, nikamuuliza alitoa ngapi. Akatabasamu, akasema hakuwa na fedha, alileta chai. Chupa mbili kubwa za chai kila jioni. Nikamwambia kwetu hiyo ingeandikwa kwenye daftari la michango, jina lako na chai yako, na ingesomwa kwa sauti Jumapili.

Mzee alipokwenda zake nilibaki nimekaa mbele ya taa saba, na hapo ndipo nililia. Sikuwa nikililia Holy Family. Nililia kanisa letu la kigango.

Kule kijijini tulikuwa na kanisa lililojengwa mwaka wa Uhuru. Sisi watu wa mlimani tunajua kujenga. Msaragambo, wito wa kazi ya pamoja, ulipigwa, wanaume wakachimba msingi, wanawake wakabeba mawe kutoka mtoni, na bibi yangu alikuwa mmojawapo, akiwa na mimba ya baba yangu. Alikuwa akinionyesha jiwe lake, la tatu kutoka kona ya kulia, lenye mchirizi mweupe. Kila Jumapili tukiingia aliligusa. Mlango ulikuwa wa mringaringa, umechongwa msalaba na mashada ya kahawa. Fundi aliyeuchonga hakulipwa fedha, alilipwa ndizi na mbuzi. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, na sauti yake ilishuka hadi bondeni.

Nilipokuwa kidato cha tatu ikaamuliwa tujenge kanisa kubwa. Jumuiya zote zilichangia, kadi za ahadi zikagawiwa, sisi watoto wa kwaya tukauza kanda za nyimbo. Nilifurahi kama wengine wote. Hakuna aliyesema la zamani libaki pembeni liwe ukumbi wa watoto wa katekesimu, au hata ghala. Lilivunjwa siku mbili. Mawe yakawa kifusi cha kujazia msingi mpya. Bibi alikwenda asubuhi ya pili kulitafuta jiwe lake lenye mchirizi, hakulipata. Alirudi nyumbani hakusema kitu, akaingia jikoni, akawasha moto, akakaa mbele yake hadi giza. Kanisa jipya lina vigae, lina feni, lina spika nzuri. Bibi alisali humo miaka sita kabla ya kufa, lakini sikumwona hata mara moja akigusa ukuta.

Wakati ule sikumwelewa. Nilidhani ni uzee. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akitutembeza kwa miguu kwenda kuhiji Kilema, misheni ya kwanza ya Kikatoliki pale mlimani, iliyoanzishwa mwaka 1890. Kila tukifika alitusimamisha nje kwanza, akatuambia tutazame kuta kabla ya kuingia, kwa sababu waliozijenga wamelala na wanapenda kutazamwa. Maneno yake hasa ndiyo hayo. Na mimi nilikuwa mtoto mwenye njaa, nikitaka chapati zilizoko kwenye kikapu.

Sina ugomvi na kanisa jipya. Waumini waliongezeka, wengine walikuwa wakisimama nje mvuani. Ninachosema, na nakisema kwa uchungu, ni kwamba sisi ni hodari mno wa kuchanga kwa ajili ya kuweka jiwe la msingi na hatujawahi kuitisha mchango hata mmoja kwa ajili ya kuzuia jiwe lisivunjwe. Tunasoma kwa sauti majina ya waliotoa mifuko ya saruji, lakini majina ya waliobeba mawe mwaka wa Uhuru hatukuyaandika popote. Kama kuna kigango kinachosoma haya na kina kanisa dogo la zamani nyuma ya kubwa, kuta zimeota kuvu na popo wamelala darini, nawaomba msilibomoe mwaka huu. Kwanza kaeni na wazee wenu. Waulizeni nani alibeba nini. Ezekeni bati hata kama ni la kuukuu, maana jengo huanza kufa kwa maji yanayopita juu, na bati ni rahisi kuliko ukuta.

Niliwasha mshumaa kwa ajili ya Mama na mwingine kwa ajili ya bibi. Nikapiga picha ya taa, nikarudi na basi namba 12, maana miguu ilikuwa imekwisha.

Kesho yake asubuhi, kabla ya uji, nilimwekea Mama simu mikononi. Macho yake hayaoni vizuri, ikabidi niikuze picha hadi taa zikawa kama machungwa. Akaweka kidole kwenye kioo, akahesabu moja moja, polepole. Kwenye ya tano picha ikahama kwa sababu ya kidole chake, akaanza upya. Alipofika saba akaniuliza kama mzee wa chai bado yupo. Nilikuwa sijamwambia chochote kuhusu chai. Nikamwambia yupo, amevaa suti ya kahawia. Akafumba macho, akaniambia mzee yule alikuwa anaweka tangawizi.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama yangu mzazi. Nilimuuliza kuhusu ule mlango wa mringaringa. Nilikumbuka kwamba siku ya kuvunja kanisa jirani mmoja aliununua kwa bei ya kuni. Mama akacheka, akasema mlango upo, uko kwenye banda la ng'ombe, chini umeliwa kidogo na mchwa lakini msalaba na kahawa vinaonekana. Nikamwambia aende akaulize kama anauuza.

Juzi amenijibu kwa ujumbe wa sauti. Jirani anataka elfu sitini, na bati mbili za kuzibia banda. Nimetuma fedha leo asubuhi, na nimemwomba mama aulaze ndani, chumba cha bibi, mbali na ukuta unaovuja.